Shinikizo la damu linaposhuka: Funzo la tafiti kwa hospitali za Kenya

SHINIKIZO la damu linapotajwa nchini Kenya, aghalabu huzungumziwa lile linalopanda. Wananchi huhimizwa kupunguza chumvi, kufanya mazoezi na kupimwa mara kwa mara ili kujiepusha na kiharusi na maradhi ya figo. Ni wachache wanaofahamu kwamba ndani ya chumba cha upasuaji, hatari inayowakosesha wahudumu utulivu ni ya upande wa pili: shinikizo linaposhuka ghafla.

Hatari hiyo haibagui hospitali kubwa wala ndogo. Dawa nyingi zinazotumiwa kumlaza mgonjwa au kumtia ganzi hulegeza mishipa ya damu. Mishipa ikilegea, damu hutuama miguuni na tumboni badala ya kurudi katika moyo. Ubongo, figo na moyo wenyewe huanza kukosa oksijeni. Hali hiyo ikigunduliwa mapema na kurekebishwa, mgonjwa huamka salama. Ikiachwa iendelee, huenda asiamke.

Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, watafiti wa mabara mbalimbali wamekuwa wakitafuta njia bora ya kuzuia hali hiyo wakati wa upasuaji na matibabu ya dharura. Matokeo ya kazi yao yana funzo moja ambalo Kenya haina budi kulizingatia. Kupandisha tarakimu kwenye mashine si sawa na kuokoa maisha, na tiba iliyofaulu katika hospitali za mataifa tajiri huenda ikadhuru pale inapohamishwa bila ya kujaribiwa upya.

Mfano ulio karibu zaidi na familia nyingi ni upasuaji wa kujifungua. Mama anayefanyiwa upasuaji huo kwa kawaida hudungwa sindano ya ganzi mgongoni. Njia hii hupendelewa kwa sababu mama hubaki macho, hupumua mwenyewe na mtoto hapati dawa nyingi za usingizi. Hata hivyo, sindano iyo hiyo huzuia neva zinazoifanya mishipa ijikaze. Isitoshe, tumbo la uzazi lenye mtoto hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni mama anapolala chali.

Matokeo huonekana katika muda mfupi. Mama huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, hutapika, na pengine hupoteza fahamu. Mtoto naye hutegemea damu ya mama inayopita katika kondo la nyuma, hivyo upungufu wa mmoja ni upungufu wa wawili. Bila ya hatua za kuzuia, zaidi ya nusu ya akina mama wanaodungwa sindano hiyo hupatwa na kushuka kwa shinikizo.

Kwa miaka mingi wahudumu waliamini kwamba dawa ya tatizo hilo ni maji. Mama aliwekewa dripu na kuongezwa maji mengi kabla ya kudungwa, kwa dhana kwamba mishipa iliyojaa haiwezi kuishiwa. Mwaka 1993, watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walichapisha matokeo ya jaribio lililoitilia shaka dhana hiyo. Miongoni mwa akina mama ambao hawakuongezwa maji mapema, asilimia 71 walishukiwa na shinikizo. Miongoni mwa walioongezwa, kiwango kilikuwa asilimia 55.

Maji yalisaidia, lakini kwa kiasi kidogo. Zaidi ya nusu ya walioyapata bado walipatwa na tatizo lile lile. Watafiti hao walihitimisha kuwa si busara kuchelewesha upasuaji wa dharura eti kwa sababu dripu haijamalizika. Huo ulikuwa mchango mkubwa wa Afrika katika taaluma hii, na ulitoka katika hospitali zilizohudumia akina mama wa kawaida.

Fikira za wataalamu zikageukia dawa zinazoikaza mishipa. Kwa muda mrefu iliyotumiwa zaidi ilikuwa efedrini. Majaribio yaliyofanywa kwa kondoo waja wazito katika miaka ya 1970 yalikuwa yameonyesha kwamba haipunguzi damu inayoelekea katika tumbo la uzazi. Lakini binadamu si kondoo. Kuanzia miaka ya 2000, tafiti zilizofanywa kwa akina mama wenyewe, nyingi zikiongozwa na wataalamu wa Hong Kong, zilibainisha kwamba efedrini hupenya hadi kwa mtoto na kuongeza asidi katika damu yake. Dawa nyingine, fenilefrini, ilionekana kuwa bora kwa mtoto, ingawa huyapunguza mapigo ya moyo wa mama.

Mnamo 2018, kundi la wataalamu wa kimataifa lilitoa mwongozo wa pamoja kuhusu suala hilo. Lilipendekeza fenilefrini au dawa za jamii yake zitolewe mapema ili kuzuia tatizo, badala ya kusubiri shinikizo lishuke. Lilipendekeza pia shinikizo la mama lisiachwe kushuka chini ya asilimia 90 ya kiwango chake cha kawaida, na kwamba likipita chini ya asilimia 80 lirekebishwe bila ya kuchelewa.

Hapo ndipo pengo baina ya maandishi na hali halisi linapojitokeza. Katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), efedrini imetajwa waziwazi kuwa dawa ya kuzuia kushuka kwa shinikizo wakati wa ganzi ya mgongoni katika kujifungua. Hospitali nyingi ndogo za Afrika huitegemea dawa hiyo, na inapokosekana wahudumu hulazimika kuchanganya adrenalini kidogo kidogo. Kumwambia mhudumu wa hospitali kama hiyo kwamba fenilefrini ndiyo bora, ilhali haimo kabatini, ni sawa na kumwonyesha mwenye kiu picha ya kisima.

Hata inapopatikana, dawa hiyo ina mtihani wake. Mara nyingi huuzwa ikiwa kali mno: chupa moja ndogo yenye miligramu 10, wakati kipimo kinachodungwa kwa mkupuo huwa karibu mikrogramu 100 au chini ya hapo. Ni lazima ipunguzwe makali mara kadhaa kwa maji ya dripu kabla ya kutumiwa. Kosa la hesabu la sifuri moja linaweza kulipandisha shinikizo la mama kupita kiasi na kuutaabisha moyo wake. Dawa iliyothibitishwa kuwa bora mikononi mwa timu iliyokamilika inaweza kuwa hatari mikononi mwa mhudumu mmoja aliyechoka, anayefanya kazi usiku bila ya msaidizi.

Tafiti nyingine kubwa zimeonyesha kwamba hata katika nchi tajiri suala hili si jepesi. Mwaka 2008, utafiti uliojulikana kama POISE, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 8,300 katika nchi 23, ulijaribu kuukinga moyo wakati wa upasuaji kwa kutumia metoprololi, dawa inayotuliza mapigo. Waliopata mshtuko wa moyo walipungua kutoka asilimia 5.7 hadi 4.2. Furaha ya matokeo hayo haikudumu. Waliofariki waliongezeka kutoka asilimia 2.3 hadi 3.1, na waliopatwa na kiharusi wakaongezeka maradufu, kutoka asilimia 0.5 hadi 1.0.

Maelezo ya kitendawili hicho yalikuwa shinikizo la damu. Dawa iliyoukinga moyo iliwashusha wagonjwa shinikizo, na kushuka huko kukawagharimu wengi zaidi ya waliookolewa. Laiti watafiti wangehesabu mishtuko ya moyo peke yake, dawa hiyo ingesifiwa na kuenezwa ulimwenguni kote.

Tangu hapo, swali limekuwa iwapo kulishikilia shinikizo lisishuke kunatosha kuleta nafuu. Nchini Ufaransa, jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba kumwekea kila mgonjwa kiwango kinacholingana na shinikizo lake la kawaida kulipunguza madhara ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 51.7 hadi 38.1. Lakini utafiti wa POISE-3, uliohusisha wagonjwa 7,490 na kuchapishwa mwaka 2023, haukupata tofauti yoyote ya maana baina ya waliolindwa zaidi dhidi ya kushuka na wale wa kundi la pili: asilimia 13.9 dhidi ya 14.0. Utafiti mwingine wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2025, uliojaribu tena wazo la kumwekea kila mgonjwa kiwango chake, nao haukuona faida.

Mtu asiye mtaalamu anaweza kudhani kwamba wanasayansi wanapingana bure. Sivyo. Kinachojitokeza ni kwamba shinikizo lililoshuka mara nyingi ni dalili ya jambo jingine: damu inayovuja, maambukizi, moyo dhaifu au dawa iliyozidi. Anayeipandisha tarakimu bila ya kukitafuta chanzo ni kama mwenye nyumba anayepaka rangi ukuta unaopasuka kwa sababu msingi unatitia.

Ushahidi mzito kabisa wa jambo hili ulitoka Afrika Mashariki yenyewe. Kati ya 2009 na 2011, utafiti uliopewa jina la FEAST ulifanywa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa upande wa Kenya ulifanyika Kilifi, kunako kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust. Swali lilikuwa moja: je, watoto wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vyema mwilini wanafaidika kwa kuongezwa maji mengi kwa haraka?

Katika nchi tajiri jibu lilikuwa limechukuliwa kuwa bayana. Vitabu vya tiba vilieleza hivyo, na madaktari walifundishwa hivyo. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Wawili kati ya makundi hayo waliongezwa maji kwa mkupuo, ama ya chumvi au yenye albumini. Kundi la tatu lilipewa maji ya kawaida ya kumtunza mtoto polepole, pamoja na dawa nyingine zote alizohitaji.

Mnamo Januari 2011, kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu iliamuru kazi isimamishwe kabla ya wakati. Miongoni mwa watoto walioongezwa maji kwa mkupuo, takriban asilimia 10.5 walifariki katika muda wa saa 48. Miongoni mwa wale ambao hawakuongezwa, waliofariki walikuwa asilimia 7.3. Kwa maneno mengine, tiba iliyoaminiwa kuwa ya kuokoa ilihusishwa na vifo vitatu zaidi kwa kila watoto 100.

La kushangaza ni kwamba maji hayo yaliboresha dalili za mzunguko wa damu kwa muda. Mtoto alionekana kupata nafuu, kisha moyo na mishipa vikamshinda baadaye. Ikumbukwe kwamba watoto waliokuwa wakiharisha sana hawakuhusishwa, kwa kuwa wao wameishiwa na maji na huyahitaji. Ikumbukwe pia kwamba wengi wa waliohusishwa walikuwa na malaria, na wengi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Ni hali ambazo daktari wa Ulaya huziona kwa nadra.

Matokeo yaliyofanana na hayo yalipatikana nchini Zambia miongoni mwa watu wazima. Katika Hospitali ya Mafunzo ya Chuo Kikuu jijini Lusaka, wagonjwa walioshukiwa na shinikizo kutokana na maambukizi makali ya damu waligawanywa makundi mawili. Wengi wao waliishi na virusi vya HIV. Kundi moja lilifuata utaratibu maalumu wa saa sita wa maji mengi, dopamini ya kukaza mishipa na damu ya kuongezwa. Kundi la pili lilipata matibabu ya kawaida ya hospitali hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: asilimia 48.1 ya waliofuata utaratibu huo walifariki wakiwa hospitalini, ikilinganishwa na asilimia 33 ya wenzao.

Utaratibu huo ulikuwa umeigwa kutoka tiba iliyosifiwa nchini Marekani tangu mwaka 2001. Tofauti ilikuwa mazingira. Mgonjwa wa kule akizidiwa na maji mapafuni huwekewa mashine ya kupumulia katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa wa Lusaka, kama yule wa Kilifi au Mbale, mara nyingi hakuwa na mashine ya kumsubiri. Kosa ambalo kwingineko hurekebishwa, hapa huwa la mwisho.

Ndiyo sababu takwimu za upasuaji barani zinatia wasiwasi. Utafiti uliofanywa katika hospitali za nchi 25 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa walifariki kwa kiwango kinachozidi wastani wa dunia mara mbili, ingawa walikuwa na umri mdogo na maradhi machache zaidi. Uchambuzi uliofuata mwaka 2019, uliowaangalia akina mama waliojifungua kwa upasuaji, uligundua kwamba takriban watano kati ya kila 1,000 walifariki. Kiwango hicho ni karibu mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Kuvuja damu na matatizo ya dawa za ganzi na usingizi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo.

Utafiti wa 2018 uliona pia kwamba katika nchi hizo kulikuwa na wastani wa wataalamu 0.7 wa upasuaji, uzazi na usingizi, wote wakijumlishwa, kwa kila watu 100,000. Kiwango kilichopendekezwa kimataifa ni angalau 20. Vifo vingi vilitokea siku za baada ya upasuaji, wakati mgonjwa amerudishwa wodini na hakuna anayemtazama kwa ukaribu.

Kenya imepiga hatua kadhaa. Ada za kujifungua ziliondolewa katika hospitali za umma mwaka 2013, na tangu mwaka huo usimamizi wa hospitali nyingi umo mikononi mwa kaunti. Kaunti zimejenga vyumba vya upasuaji katika maeneo ambako zamani mama alisafirishwa usiku kucha. Maafisa wa kliniki na wauguzi wamefunzwa kutoa dawa za usingizi, Hospitali ya Kijabe ikiwa miongoni mwa waliotangulia kuwafunza wauguzi kazi hiyo. Bila ya wahudumu hao, vyumba vingi vya upasuaji nje ya miji mikubwa vingefungwa.

Lakini jengo jipya likifunguliwa kwa mbwembwe, ni nadra kwa mgeni wa heshima kuuliza kama kuna efedrini kabatini, kama mashine inapima shinikizo kila dakika au mbili baada ya sindano ya ganzi, au ni nani atakayemtazama mama saa ya tatu baada ya upasuaji. Maswali hayo hayapigwi picha. Hata hivyo, ndiyo yanayoamua kama mama atarudi nyumbani.

Wapo watakaosema kwamba utafiti ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba Waafrika wasigeuzwe panya wa maabara. Hofu hiyo ina mashiko. Historia ina visa vya watu kutumiwa katika majaribio bila ya kuelezwa wala kuridhia. Ni muhimu kamati za maadili ziwe imara na familia zielezwe kwa lugha wanayoielewa. Lakini yafaa kukumbuka kwamba kabla ya FEAST, watoto walikuwa wakiongezwa maji kwa mkupuo kulingana na ushahidi wa kwingineko. Huko nako kulikuwa kujaribu, ila bila ya kuhesabu waliokufa. Utafiti ulio na kanuni ndio uliowezesha dosari ionekane na ikomeshwe.

Aidha, tafiti za nyumbani hazileti habari mbaya pekee. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kuhusisha zaidi ya wanawake laki mbili waliojifungua kwa njia ya kawaida. Mfuko rahisi wa plastiki wenye alama za kupimia uliwekwa chini ya mama ili damu inayotoka ijulikane mapema, kisha hatua zote za matibabu zikachukuliwa kwa pamoja. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6.

Hapakuwa na mashine ya mamilioni. Kilichofanya kazi ni kugundua mapema na mkono ulio tayari. Kwa mama anayevuja damu, kusubiri shinikizo lishuke ni kuchelewa, kwa kuwa mwili wa kijana huficha upungufu hadi dakika za mwisho. Kumpa dawa ya kukaza mishipa bila ya kuzuia damu kunaweza kuficha hatari hiyo zaidi.

Wizara ya Afya na serikali za kaunti zina mambo matatu ya kufanya ambayo hayahitaji miujiza. La kwanza ni kuhakikisha kwamba dawa za kurekebisha shinikizo zipo katika kila chumba cha upasuaji, ikiwezekana zikiwa zimeshapunguzwa makali kwa kipimo sahihi, ili mhudumu asifanye hesabu mama akiwa anazimia. La pili ni kuwathamini na kuwaongeza wahudumu wa usingizi, na kupanga mtu wa kumtazama mgonjwa baada ya kutoka mezani. La tatu ni kugharimia utafiti katika hospitali za kawaida za kaunti, ambako Wakenya wengi hutibiwa.

Maswali yaliyobaki si madogo. Je, ni kiwango gani cha shinikizo kinachomfaa mama mwenye upungufu wa damu? Je, mtu mzima mwenye maambukizi makali aongezwe maji kiasi gani katika hospitali isiyo na mashine ya kupumulia? Je, muuguzi aliye peke yake atumie dawa ipi kwa usalama zaidi? Majibu hayawezi kuagizwa kutoka ng'ambo pamoja na mashine.

Baada ya FEAST, ilichukua miaka mitano kabla ya WHO kuurekebisha mwongozo wake wa huduma za dharura kwa watoto mnamo 2016. Ushahidi uliopatikana Kilifi, Mbale na Muheza ulitolewa kwa gharama ya maisha ya watoto wa eneo hili. Kuuacha ukae rafuni, ilhali wodini desturi za kale zinaendelea, kungekuwa ni kuilipa gharama hiyo mara ya pili.